Uzi wa wanaochora galaksi kwa penseli: jicho linaona nini hasa kwenye darubini kubwa?

#1 PenseliButu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna kazi moja ya usiku ambayo wengi wenye darubini kubwa hawaigusi. Wengine wanaiona ya kitoto, wengine wanaogopa kuchekwa. Ni hii ya kukaa na penseli na karatasi, jicho kwenye lenzi, ukachora galaksi jinsi unavyoiona. Mimi ni mwaka wa tisa naifanya, kwa darubini yenye kioo cha upana wa inchi 16.

Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa mtalii tu. Naielekeza darubini kwenye galaksi ya M51, natazama nusu dakika, "aah, ipo," nahamia nyingine. Usiku mmoja napita galaksi thelathini, na kesho yake siwezi kukueleza hata moja ilikaaje. Siku niliyojilazimisha kuichora M51 nilikaa nayo dakika hamsini. Dakika kumi za kwanza niliona madoa mawili ya ukungu, kubwa na dogo, basi. Kwenye dakika ya ishirini ukungu wa lile kubwa ukaanza kutofautiana: hapa pazito, pale pepesi. Nikaweka kivuli pale pazito. Kurudisha jicho, nikagundua kwamba pale pepesi pamejikunja kuzunguka kiini. Kumbe ni nafasi kati ya mikono ya galaksi, ile mikanda ya mwanga iliyojisokota! Mkono wenyewe ulikuwapo tangu nilipoinama kwenye lenzi, mimi ndiye sikuwa nimefika.

Vifaa vyangu ni vya kawaida. Karatasi nyeupe nene kidogo, maana nyembamba hulegea kwa umande. Ubao wa kubania. Penseli HB kwa nyota, 2B na 4B kwa ukungu. Kijiti cha karatasi iliyosokotwa kwa ajili ya kusambaza unga wa penseli, na raba laini ile inayokandika kama udongo. Taa nyekundu hafifu, hafifu kweli, mpaka uone tabu kidogo kusoma mwandiko wako mwenyewe. Ninachora kinyume: anga ni karatasi nyeupe, mwanga ni weusi wa penseli. Nyumbani naugeuza kwa kompyuta.

Naanza na duara nililolichora mchana, ndilo uwanja wa lenzi. Kisha nyota. Nyota zote zenye kung'aa kwanza, kwa kukadiria: hii iko nusu ya njia toka katikati hadi ukingoni, zile tatu zinafanya pembetatu, hii imekaa mbali na ile mara mbili ya umbali wa hizi. Zikikaa vibaya, galaksi nayo itakaa vibaya, na hakuna raba itakayokuokoa. Galaksi inakuja mwisho. Sichori mstari wa ukingo wake hata siku moja, kwa sababu galaksi haina ukingo. Nachukua unga wa 4B kwa kijiti, napapasa kuanzia katikati kwenda nje mpaka unga uishe wenyewe.

Karibuni. Nataka kusikia wengine mnafanyaje, hasa wenye vioo vikubwa kuliko changu.

#2 MsomajiKimya

Nimekaa siti ya mbele. Ninayo fursa ya kutumia darubini ya inchi 12 ila kuchora sijui kabisa, hata kikombe kinanishinda.

#3 KameraKwanza

Mkuu, heshima kwako, lakini tuambizane ukweli. Siku hizi kuna darubini ndogo zenye kamera ndani. Unabonyeza, inatafuta yenyewe, inarundika picha, na baada ya dakika chache mikono ya M51 iko kwenye simu yako, na rangi juu. Wewe unakaa dakika hamsini na shingo imepinda ili upate doa la kijivu. Faida yake nini hasa?

#4 PenseliButu

KameraKwanza, swali zuri na sitalikwepa. Ukitaka picha, kamera imenishinda kabla sijachonga penseli. Sishindani nayo.

Ila wewe ukishapata picha, umeona simu. Mimi nataka kuona ile nuru yenyewe, iliyoondoka M51 zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, ikigonga jicho langu bila wakala. Shida ni kwamba jicho ni vivu. Linapoona ukungu linasema "ukungu" na kufunga faili. Penseli inalilazimisha lijibu maswali: kiini kiko katikati kweli au kimeegemea upande? Mwanga unafifia taratibu au unakatika? Ile nyota ndogo iko ndani ya ukungu au nje? Bila karatasi mkononi hujiulizi hayo.

Na kijivu tutakifanyaje, mkuu. Kwenye giza kama lile jicho linatumia seli zisizojua rangi.

#5 FundiKioo

Naomba niongezee upande wa kioo, maana kuna kosa moja linalojirudia kila mahali. Watu wanadhani darubini kubwa inaifanya galaksi ing'ae zaidi. Hapana! Kwa kitu kilichotandaa kama galaksi, hakuna darubini inayoweza kuufanya uso wake ung'ae kuliko unavyong'aa kwa macho matupu. Hata upeleke kioo cha mita kumi.

Kioo cha milimita 406, yaani inchi 16, kinakusanya nuru mara 3,300 na ushei kuliko mboni iliyofunguka milimita 7. Lakini ukitaka nuru hiyo yote iingie kwenye mboni hiyo ya milimita 7, unalazimika kukuza angalau mara 58. Kwa hiyo galaksi imetandazwa mara 58 kwa upana na mara 58 kwa urefu. Zidisha: 3,364. Ulichokusanya ndicho ulichokitandaza. Uso unabaki vilevile, na hapo hatujahesabu nuru inayopotea kwenye vioo.

Sasa faida iko wapi? Iko kwenye ukubwa. Kwenye mwanga hafifu, jicho la binadamu linashindwa kuona kitu kidogo lakini linakiona kilekile kikiwa kikubwa. Doa hafifu lenye upana wa sehemu ndogo ya digrii halipo kwako. Likuze lifike digrii kadhaa, mwanga wake ukiwa uleule, na ghafla lipo. Kioo kikubwa kinakuruhusu kukuza bila kuishiwa nuru.

Ndiyo maana nawaambia wachoraji: msiogope kukuza. Kwa kioo cha mleta uzi, kama ni f/4.5 (yaani urefu wa fokasi ni mara 4.5 ya upana wa kioo), lenzi ya milimita 13 inakupa mara 140 hivi. Anga la nyuma linakuwa jeusi zaidi, galaksi nayo inafifia kwa kiwango hichohicho, uwiano kati yao haubadiliki, ila vipande vya ndani vimekuwa vikubwa vya kutosha kuonekana. Ukifika mara 230 unaweza kuchunguza kiini. Kisha rudi chini uchore mzingo wa nje. Mchoro mmoja, lenzi mbili au tatu, na si udanganyifu mradi uandike pembeni ulitumia zipi.

Anga lenye mwanga wa taa linaharibu hesabu hii yote, kwa sababu huo mwanga unaingia kwenye anga na kwenye galaksi kwa pamoja na kuua uwiano. Inchi 8 penye giza la kweli inaipiga inchi 16 iliyozungukwa na taa, na hapo sibishani na mtu.

#6 Kengeza

Jina langu limetokana na kazi hii, msicheke.

Mkuu FundiKioo kamaliza ya kioo, mimi niseme ya jicho. Katikati ya jicho, pale tunapotumia kusomea, hakuna zile seli za giza. Zimesongamana pembeni. Ukiikodolea galaksi macho inayeyuka. Ukitazama kando kidogo inarudi. Ila usitazame kando yoyote tu: kila jicho lina doa pofu upande wa sikio. Ukitumia jicho la kulia, tazama kulia kwa galaksi ili yenyewe iangukie upande wa pua. Ukikosea upande unaweza kuitumbukiza kwenye doa pofu ukalaumu anga bure.

Mengine niliyojifunza kwa kuumia: giza la jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 na linavunjwa na simu kwa sekunde moja. Funika kichwa kwa kitambaa cheusi, utaonekana kituko lakini utaona zaidi. Usibane pumzi unapokaza jicho, jicho lenye njaa ya hewa halioni vizuri. Na ukihisi kuna kitu lakini huna hakika, ligongegonge bomba la darubini taratibu. Picha ikitikisika, jicho linakamata kile ambacho kikitulia halikioni.

#7 MsomajiKimya

Swali la kishamba: nikishachora, nitajuaje kaskazini iko wapi? Maana kwenye darubini kila kitu kiko kichwa chini.

#8 PenseliButu

Si la kishamba, wakongwe wanakosea hapo.

Kama darubini yako ni ya kioo kikuu pamoja na kioo kidogo cha mshazari, picha imezungushwa, haijageuzwa kama kwenye kioo cha ukutani. Zungusha karatasi tu. Kupata magharibi, acha darubini isimame, na kama ina mota, izime. Nyota zitateleza. Upande zinakotoka kwenda nje ya uwanja ndio magharibi, weka alama "MG" kwenye duara. Halafu lisukume bomba kidogo kuelekea ncha ya kaskazini ya anga. Ukingo ambao nyota mpya zinaingilia ndio kaskazini. Fanya hivyo mapema, siyo baada ya saa nzima, kwa sababu kwenye hivi vitako vya Dobson, vya kusukuma kwa mkono juu-chini na kushoto-kulia, uwanja unazunguka polepole kadiri anga linavyosogea.

Na galaksi ikiwa utosini kabisa, achana nayo kwa muda. Kitako cha Dobson pale juu hakisukumiki, unakizungusha kama unasaga mahindi na kitu hakiingii katikati. Subiri ishuke.

#9 KameraKwanza

Sawa, nimeelewa mantiki ya kukaa muda mrefu. Lakini hapo ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo. Jicho likikaa gizani muda mrefu likitafuta kitu, litakipata hata kama hakipo. Mnakumbuka mifereji ya sayari ya Mirihi? Mwitaliano Schiaparelli alichora mistari mwaka 1877. Baadaye Mmarekani Lowell akaichora mingi zaidi, imenyooka kama barabara, na kuijengea nadharia ya viumbe wanaochimba. Walikuwa watazamaji hodari wenye darubini nzuri. Mwaka 1965 chombo cha Mariner 4 kikapita pale, mifereji hakuna.

Sasa wewe umeshaona picha ya M51 mara mia. Ukikaa dakika hamsini ukaona mkono, nitajuaje kama uliuona kwa jicho au kwa kumbukumbu?

#10 Utusiutusi

KameraKwanza umegusa kidonda, na mimi nitakiri hadharani. Mchoro wangu wa kwanza wa galaksi ya M33 ulikuwa na mikono miwili mizuri yenye umbo la herufi S. Watu wakausifu. Mwaka uliofuata nikarudi kwa kioo kilekile, anga bora zaidi, nikaweza kuona mkono mmoja tu na kidogo cha wa pili. Ule wa mwanzo nilikuwa nimeutoa kwenye picha iliyokuwa kichwani. Sikukusudia kudanganya, ndiyo sumu yake.

Lakini historia ina upande wa pili, na unahusu hiyohiyo M51. Mwanafalaki Mwingereza John Herschel aliitazama kwa kioo chake cha inchi 18 na akaichora kama kiini kilichozungukwa na pete iliyopasuka upande mmoja. Ilichapishwa mwaka 1833. Mwaka 1845 Lord Rosse, kule Birr nchini Ayalandi, akaitazama kwa kioo cha inchi 72, kikubwa kuliko vyote duniani wakati ule. Mchoro wa Herschel alikuwa anaujua. Angekuwa mtu wa kuona alichoambiwa angechora pete. Akachora mikono iliyojisokota, ya kwanza kabisa kutambuliwa angani, miongo kadhaa kabla ya kamera kuweza kuikamata. Na bomba lake lilining'inia kati ya kuta mbili za mawe, kwa hiyo kila usiku alipata muda mfupi tu kabla kitu hakijapita. Alichora kwa kuvumilia.

Ukimrudia Herschel sasa, pete yake haikuwa uongo. Mkono wa nje wa M51 unazunguka karibu mduara mzima, na kwa kioo cha metali kilichorudisha kama theluthi mbili tu ya nuru, pete iliyopasuka ndiyo taarifa ya haki ya kile kilichofika jichoni. Kwangu ule ni mchoro mwaminifu kuliko M33 yangu.

Hata habari yako ya Mirihi haikuishia kwenye kamera. Mwaka 1909 mwanafalaki Antoniadi, kwa darubini ya lenzi ya sentimita 83 kule Meudon, Ufaransa, aliona mistari ikivunjika kuwa madoa madoa, akayachora. Mchoraji ndiye aliyewajibu wachoraji.

Siku hizi nina utaratibu. Sitazami picha ya galaksi mwezi mzima kabla. Nachagua zisizo na majina ya umaarufu, zile za namba tu za orodha ya NGC, ambazo hata sijui zinapaswa kufananaje. Na pembeni ya kila sehemu naandika herufi: H nina hakika, M naiona mara kwa mara, W wasiwasi. Kitu hakipandi kuwa H mpaka kinitokee mara tatu mahali palepale baada ya kuondoa jicho na kulirudisha.

#11 KameraKwanza

Hizo herufi nimezipenda. Kwa hapo nanyoosha mikono, kwa muda.

#12 FundiKioo

Kabla sijasahau, kwa wenye darubini za nguzo zisizo na bomba zima: FUNGENI PENSELI KWA UZI. Niko juu ya ngazi, kioo cha inchi 20 kiko chini yangu kimeangalia juu kama kisima, 4B ikaniponyoka. Mlio wa penseli ikigonga kioo nausikia mpaka leo. Ilitoka na alama ndogo tu, lakini sikuchora tena usiku ule, wala wiki ile.

#13 Kengeza

Pole sana mkuu.

Kuna faida moja haijatajwa: mchoro ni kumbukumbu yenye tarehe. Mei 2023 Koichi Itagaki wa Japani aligundua nyota iliyolipuka kwenye M101, ikaitwa SN 2023ixf. Mimi nilikuwa na mchoro wa M101 wa mwaka uliotangulia, na galaksi hiyo ni mateso kuichora: uso wake ni hafifu, mikono inakuja na kupotea. Kinachosaidia ni vile vinundu vya gesi kwenye mikono, vingine vina namba zake kabisa, kama NGC 5461. Nilikuwa nimekiweka kama kidoa chenye herufi H, kwa lugha ya Utusiutusi.

Nilipoweka jicho mwaka ule, karibu na kidoa changu kulikuwa na nyota inayong'aa ambayo kwenye karatasi yangu haipo. Nilikuwa nimeshasoma habari zake, kwa hiyo sidai ugunduzi. Lakini kulinganisha karatasi yangu na anga, na kukuta anga limeongeza nukta, ile hisia sijawahi kuipata kwenye skrini. Robert Evans wa Australia alizitafuta hivyo kwa miaka mingi: alikariri sura za mamia ya galaksi, akizungusha darubini kutoka moja hadi nyingine akitafuta nukta ngeni. Alipata makumi kadhaa, kwa jicho tu.

#14 MsomajiKimya

Wakuu, nimerudi. Jana usiku nilijaribu. Nilichagua M104 kwa sababu ilikuwa juu vizuri na sikuwahi kuitazama picha yake kwa makini. Inchi 12, mara 150 hivi.

Nyota zilinichukua dakika 20, raba imekula karatasi. Galaksi yenyewe niliiona kama kijiti cha mwanga, kimevimba katikati. Dakika za mwanzo hakuna zaidi. Halafu nikagundua kitu kilichonisumbua: upande mmoja wa uvimbe mwanga unafifia taratibu, upande wa pili umekatika kama umepigwa rula. Nikadhani ni uchafu kwenye lenzi. Nikaizungusha lenzi, mkato haukuzunguka nao. Nikauchora. Nilifuata ule utaratibu wa kuzima mota, na kwa alama zangu upande uliokatika ni kusini.

Nimekosea?

#15 PenseliButu

Hujakosea hata kidogo! M104 ina mkanda wa vumbi unaopita mbele ya uvimbe, na unapita kusini kidogo ya kiini. Hukuuona mkanda kama mstari mweusi, umeona mahali unapoumeza mwanga. Na wazo la kuizungusha lenzi, hilo hata sikuwa nimeliandika kwenye uzi. Mtu anayeshindwa kuchora kikombe ndiye huyu?

Sasa jambo moja. Usiongeze mstari mweusi kwa kuwa nimekuambia upo. Acha mkato kama ulivyouona. Usiku mwingine chukua karatasi nyingine, ukuze zaidi, ujaribu kuutafuta mkanda wenyewe.

#16 MsomajiKimya

Mkuu, umechelewa. Asubuhi niliiangalia picha yake, nikaona mkanda, nikauchora kwa 4B. Nimeufuta sasa hivi baada ya kukusoma, lakini karatasi imechubuka pale na alama bado inaonekana.

#17 Utusiutusi

Acha mchubuko. Andika pembeni: "mstari uliongezwa mchana, ukafutwa." Halafu weka W.